Koti la Kijivu la Dale

Shangazi Arlene mpendwa,

Pai zako za tufaha nazikumbuka. Huku tunakula mbiombio. Uliniuliza ufadhili uliouanzisha kwa jina la marehemu mwanao, Dale, utanifaa nini katika chuo cha kijeshi kisichotoza karo. Afisa aliniambia, "Utalipia sare zako." Ufadhili huo ndio ulioninunulia koti langu la kijivu.

Jana theluji ilitukuta gwarideni, makadeti elfu nne, kimya kama kanisani. Mfukoni nilikuwa na barua ya kuacha chuo. Usimwambie mama, nimeshaichana.

Mwenzangu wa kando alininong'oneza, "We Tessa, mbona hutetemeki? Umekula makaa?"

Kweli sikutetemeka, Shangazi. Dale alikuwa amenifunika.

Mwanao mwingine,
Tessa