Ndege Walioanguka Kichakani

Makambako,
19 Juni 1955

Kaka yangu Filemoni,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye mkonge Tanga, na kifua kimepoa. Mimi na Mama tunaendelea. Mwanao Ida ameanza kutambaa.

Ulezi ulikuwa unaiva walipokuja kweleakwelea. Huku juu hatukuwazoea. Ni wadogo kuliko shomoro, mgongo wa kahawia wenye michirizi, mdomo mwekundu. Dume uso wake mweusi kama ameinamia chungu. Hakuna anayekula peke yake. Kundi husogea shambani kama moshi: walio nyuma huruka juu ya wenzao na kutua mbele, hadi shamba linakwisha. Jioni hubanana kichakani mpaka matawi yanavunjika. Mmoja akishtuka, wote huinuka.

Watu wa serikali walinyunyizia dawa kichaka hicho, wakatuonya tusile ndege. Asubuhi ndege walitapakaa chini, na watu wakaja na vikapu.

Mkeo Lucia alikataa kuokota. Baba akamcheka, akamuuliza kama kwao hawali samaki wa utupa. Unajua tulivyokua: unaponda majani ya utupa, unatia mtoni, samaki wanalewa, unawala, na hakuna anayeumwa. Baba alisema dawa ya Wazungu ni utupa wa ndege tu. Ukitoa matumbo, imekwisha. Mama akamwuliza lini alianza kuchemsha dawa na Wazungu. Baba akasema mkwe anayechagua nyama nyumbani kwake amechoka kukaa hapo. Lucia akapika, akala mbele yake. Baba alikuwa anangoja chungu cha pili.

Kabla hakijaiva, Lucia alilowa jasho, mate yakamjaa, mwili ukaanza kumcheza. Lori la mbao lilitupakia kwenda hospitali Njombe. Kaka, hakufika. Tulimzika jana, karibu na Bibi. Ida hakuonja, Mama anamnywesha maziwa ya ng'ombe.

Baba alitaka nikuandikie kwamba ilikuwa homa. Anasema ukijua, hutamwita baba tena. Nimemsomea haya yote.

Mama anakusalimu, anakuombea safari ya salama ya kuja nyumbani. Majirani wanakupa pole. Baba aliomba nimwachie nafasi hapa chini aandike salamu zake mwenyewe. Nimengoja mpaka lori la posta limepiga honi, na nafasi bado ni tupu. Nafunga bahasha.

Mdogo wako,
Nahumu