Pole kwa Kiingereza

Jumapili, 2 Mei 1971, Acocks Green

Maili thelathini kabla ya chai. Mvua tena. Cheni imelia njia nzima. Nimeipaka mafuta, bado inalia. Rehema, mwenzangu wa chumba na wa wodi, mtoto wa Tanga kama mimi, kanitazama nikivua soksi za matope. "Shoga, wewe umerogwa." Labda. Mama akiniona na kaptura hii atazimia.

Wiki tatu zimebaki. Kiwanda kimoja cha baiskeli kinataka msichana mmoja, ashindane kwa jina la kiwanda huko Ufaransa na Ubelgiji. Kazi yake hiyo tu, kuendesha. Watamchagua kwenye mbio za tarehe 23. Naitaka nafasi hiyo mpaka meno yananiuma. Nisijifanye siitaki.

Jumapili, 9 Mei

Mbio za klabu, upande wa Perry Barr. Barabara imelowa. Kona ya pili Maureen kaanguka. Maureen ndiye mwenye kasi kuliko sote, na yeye pia anaitaka nafasi ile. Nilikuwa nyuma yake, urefu wa mkono mzima kati yetu. Sikumgusa.

Mtulinga umevunjika. Nesi mimi, niliuona hata kabla hajalia. Nikaitupa baiskeli, nikapiga magoti. "Sori, Maureen. Sori. Sori sana." Ningesema nini kingine?

Mwamuzi alikuwa amesimama palepale. Kaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Jumatatu, 10 Mei

Walter kaniita dukani kwake Hockley. Ni fundi baiskeli, ndiye anayetufundisha klabuni, mzee wa maneno machache. Alikuwa ananyoosha spoki, hakuinua macho. Nimefungiwa. Kamati itakaa Ijumaa. Kosa: kumwangusha mwenzangu. Ushahidi: nilikiri mwenyewe.

Nilikiri lini?

"Uliomba radhi mara tatu, Zuhura. Mbele ya mwamuzi."

Nimecheka. Kisha nikalia, mbele ya wateja.

Jumanne, 11 Mei

Hasira. Hawa watu! Ukimkanyaga mtu basini, yeye aliyekanyagwa ndiye anasema sori. Leo nimepanda namba kumi na moja, lile linalozunguka mji wote, kwa makusudi, kuzihesabu tu. Kumi na tisa mpaka Perry Barr. Sori ya mwavuli. Sori ya kikapu. Sori ya kupita. Mzee mmoja kamwambia mlango sori. Hakuna aliyepelekwa kamatini.

Sasa yangu ina nini?

Jumatano, 12 Mei

Nimepata!

Bibi wa kitanda cha nne kadondosha kikombe. Mimi niko dirishani, hatua kumi kutoka kwake. "Sori, bibi." Kanitazama kwa huruma. "Sori ya nini, mwanangu? Si wewe uliyekiangusha."

Nimebaki na pazia mkononi. Miaka minne nchi hii sikulijua hilo! Sori yao ni ya mtu aliyefanya jambo, au anayeogopa amelifanya. Yangu ni pole. Tumeivalisha pole nguo ya Kiingereza tukadhani imekuwa Kiingereza.

Nikaanza kuuliza. Mtu akijikwaa peke yake, mnamwambiaje? Sista, mkuu wa wodi: tunamuuliza kama hajaumia. Mfagiaji: tunamwambia aangalie anapokwenda. Daktari kafikiri sana, kisha: tunajifanya hatujaona. Hawana neno! Watu wenye mvua yote hii, na hawana pole. Nimesahau hata kula.

Ijumaa, 14 Mei

Kamati. Chumba cha juu cha baa, Hockley. Rehema kanisindikiza, kajitanda ushungi, kaketi kiti cha mlangoni kama mshenga. Maureen yupo, mkono umefungwa kifuani. Kasema hajui nani alimgusa. Ila nilisema sori, na mtu hasemi sori bure.

Nimeeleza pole. Nimeeleza vibaya, Kiingereza kimenikimbia chote. Mwenyekiti kakohoa, kaangalia saa. Nikajua basi, imekwisha. Ubelgiji kwaheri.

Katibu akafunga droo ya meza, kidole kikabaki ndani. Akapiga yowe. Mimi huku, Rehema kule mlangoni, kwa pumzi moja: "Sori!"

Katibu, kidole mdomoni, anamtazama Rehema. Kati yao chumba kizima. Walter kaanza kucheka, mabega tu yanacheza. Mwenyekiti kamgeukia Maureen: alihisi gurudumu kweli, au aliteleza? Uso umemwiva. Kasema barabara ilikuwa na maji. Huenda aliteleza.

Wamenifungulia. Maureen kaondoka bila kuaga. Nilitaka kumchukia, nimeshindwa. Mtulinga haujiungi kwa siku tisa. Yeye nafasi yake imekwisha, na anajua.

Alhamisi, 20 Mei

Miguu mizuri. Cheni mpya, haisemi kitu. Rehema kaniambia Maureen alikuja wodini kubadilishiwa bendeji, wakazungumza muda. Kuhusu nini? Hataki kusema. Mbea wa Tanga leo kafunga mdomo, makubwa haya.

Jumapili, 23 Mei

Wa pili. Nusu gurudumu.

Msichana wa Leeds alinipita mwishoni kabisa. Mtu wa kiwanda kamfuata yeye na karatasi zake. Mimi hakunitupia jicho. Nilikuwa na nguvu zilizobaki? Hapana. Nilizitoa zote. Inauma vilevile.

Nikaketi majanini kando ya barabara, mapaja yanatetemeka. Maureen akaja, akaketi kwa shida, mkono bado umefungwa. Baiskeli za mwisho zikapita. Kisha, polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua:

"Pole, Zuhura."

Kumbe ndiyo siri ya Rehema.

Hakunikosea chochote leo. Alikuwa amesimama tu ukingoni. Nikajifuta macho kwa glavu yenye mafuta.

"Nimeshapoa," nikamjibu.

Akauliza hilo nalo ni nini. Nikamwambia ndivyo inavyojibiwa, hata kama bado.