Vidonge vya Shangazi na Dripu ya Baba

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie kabla sijavunja nyumba yetu kwa mdomo wangu. Baba yangu, fundi cherehani, ana saratani ya mapafu na anatundikiwa dripu ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na ugonjwa, na kwa kweli amepata nafuu, amerudi kwenye cherehani yake, ila wiki hii tumbo limemharibikia, anakwenda chooni mpaka miguu inamtetemeka, na shangazi, ambaye kwake kidonge ni kama chumvi, hakikosekani jikoni, amempa antibiotiki zilizobaki alipougua yeye, na vingine vya kupunguza asidi tumboni. Mimi ni karani tu wa masijala, lakini nimesoma kwenye simu kwamba dawa hizo huenda zikapunguza nguvu ya dripu, nikamwambia shangazi, akacheka, akaniita daktari wa simu, akanikumbusha nani alinilea mama alipofariki. Baba naye anaogopa daktari akijua anaharisha atamsimamishia dripu. Aliniambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo kamba niliyoshikilia. Usiikate wewe." Tangu hapo kazini naweka mafaili kwenye rafu zisizo zake, na kesho kutwa baba anarudi kliniki. Nikisema namsaliti, nikinyamaza je?

Karani Mwoga

Karani, pole mwanangu. Umechoka, naona. Lakini nikukaripie kidogo: barua nzima unahangaika na vidonge, na kuharisha umekupitia juu juu. Kinga ikishaamshwa na dripu hiyo, wakati mwingine hugeuka ikashambulia utumbo wenyewe. Hilo halisubiri kesho kutwa. Pigia kliniki simu, umpeleke leo.

Ulichosoma si uzushi. Tafiti kadhaa zimeona waliotumia antibiotiki karibu na tiba hiyo hawakufaidika sana kama wengine, na dawa za asidi nazo zinatiliwa shaka, ingawa haijathibitika kwamba dawa ndizo zilizosababisha. Kwa hiyo usimwambie baba ameharibu tiba, hujui. Wala usimwachishe dawa aliyoandikiwa na daktari. Beba paketi zote, za shangazi zikiwemo, uzimwage mezani kwa daktari, yeye aamue.

Shangazi alikulea, mheshimu: nenda naye, aeleze mwenyewe alimpa nini. Baba mwambie dripu ikisimamishwa kwa muda, mara nyingine hurudishwa, lakini daktari hawezi kutibu anachofichwa. Atakununia njia nzima. Mwache anune. Weka gazeti hili chini, umtafutie baba viatu.