Majani Uliyoyaacha Kwenye Bomba

Mpendwa Tata, baba yangu,

Hodhi la kuogea limezibuliwa. Naanza na hilo kwa sababu Mama hakuwa ameoga humo tangu siku uliyoanguka, na miguu yake imevimba kiasi kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni anashika ukuta.

Ulilinunua kwa ajili ya miguu hiyo. Nyumba moja ya wageni Kayanga ilikuwa inang'oa mabafu yake ya zamani, nawe ukalileta Nyabiyonza kwenye pikapu ya kubebea ndizi, limefunikwa turubai. Majirani walikuja mbio wakidhani ni jeneza. "Ni jeneza la kuogea," uliwaambia, "anayetaka kujaribu aingie." Mama alikuwa akipashiwa maji, anakaa humo jioni na miguu imenyooka, na asubuhi anakwenda kuchuma kahawa bila fimbo.

Kisha mtumbwi wako wa mti, ule wa kukamulia ndizi, ukapasuka. Nilikuwa nyumbani Krismasi ile. Nilikukuta bafuni umekunja suruali hadi magotini, unakanyaga ndizi mbivu na majani marefu ya kutolea juisi ndani ya hodhi. Ta Kakuru, jirani, alisimama dirishani.

"Mzee, unakanyaga au unaoga?"

"Vyote. Rubisi ya leo itakuwa safi kuliko wewe."

Tulicheka wote, hata Mama, ingawa alikaa mbali. Kwetu kukanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu, ni kazi ya wanaume, na mwanamke hasogezi mkono kwenye juisi kabla haijatiwa mtama na kuchachuka.

Mara ya pili sikuwepo. Ta Kakuru alikuwa anapokea wakwe, ukaahidi kumtengenezea pombe. Mti hushika unyayo. Hodhi, likishapata juisi, halishiki kitu. Uliteleza, nyonga ikavunjika, na kutoka hospitali tulikurudisha ukiwa kwenye jeneza la kweli.

Tangu hapo maji hayakushuka. Mama alifunga mlango wa bafu na kuanza kujifutia kitambaa chumbani. Fundi wa Kanoni alipokuja, Mama alimwambia kwamba hakuna kilichoharibika. Muuguzi wa zahanati aliniambia waziwazi: miguu ile isipolowekwa na kukandwa, hatatembea tena.

Juzi nilifungua mlango. Harufu ilikuwa ya kitu kilichooza siku nyingi. Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika ukuta.

"Acha, mwanangu."

"Siachi, Mama."

Nilianza na pampu ya mpira. Ilileta povu jeusi tu. Nikaingiza waya, ukakwama. Basi nikalala sakafuni, nikapenya chini ya hodhi, upande ule ambao fundi aliyeliweka aliacha wazi, nikaweka ndoo chini ya bomba lililopinda na kulegeza nati kwa spana. Yalitoka maji meusi, kisha makapi ya ndizi, kisha majani. Yalikuwa yamesokotana kama kamba, nami nikayavuta polepole yasikatike. Hayakuwa na kitu kingine ndani yake, Tata. Nilitazama.

Mama aliinama juu ya ndoo, akatazama pia. Halafu akaketi kwenye ukingo wa hodhi na kusema jambo ambalo hakulisema msibani.

"Aliniambia nisichomoe kizibo. Amelala humo, mguu umegeuka, ananiambia, 'Acha juisi, wageni wanakuja.' Pua yake ilikuwa inazama. Nikachomoa; ikashuka nusu, majani yakaziba."

"Ulifanya vizuri."

"Hospitalini hakuniambia neno. Alikuwa anageukia ukuta."

Kazini nimezoea kuuliza watu maswali magumu, lakini hili ni lako na huwezi kunijibu. Sijui kama uligeukia ukuta kwa maumivu au kwa hasira. Nilimwambia hivyo Mama, kwa sababu angejua kama ningedanganya. Ninachokijua ni hiki: Mama hakuweza kukuinua peke yake, na juisi ilikuwa imekufika puani. Kama ulimkasirikia, ulikosea. Na umemwachia kosa hilo alibebe yeye, kwenye miguu ambayo haimbebi.

Nilikaza nati, nikasugua hodhi, nikapasha maji. Nilimwingiza nikimshika makwapani. Alikunja uso maji yalipomgusa, kisha akanyoosha miguu. Niliikanda hadi maji yalipopoa. Tulipomaliza nilinyoosha mkono kwenye kizibo, akaniambia, "Niachie." Akakichomoa mwenyewe.

Maji yalishuka yote. Alibaki ameketi kwenye hodhi tupu, kizibo mkononi, anasikiliza bomba hadi liliponyamaza. "Mpaka leo sikujua yanaisha namna gani," alisema. Hakulia. Aliomba kanga.

Majani nimeyatupa shambani kwenye migomba, pamoja na makapi. Leo jioni atapashiwa maji mengine. Pumzika, Tata, kama unapumzika.

Binti yako mkubwa