Kigari cha Viggo Kilichoachwa Kwenye Mteremko

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Inger-Lise Damkjær
Umri: Miaka 58
Kazi: Msusi na kinyozi, mwenye saluni
Makazi: Faaborg, Denmark, ghorofani juu ya saluni

Nimekuja mwenyewe baada ya kusikia tangazo lenu, sikuletwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimekubali, maana waongo katika jambo hili wamejaa na mimi simo.

Mnamo tarehe 11 Februari, siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi hivi, nilikuwa saluni nikimpaka rangi ya nywele Bibi Oda Kragh, mteja wangu wa miaka mingi. Saluni inatazamana na mkahawa, na kati yetu kuna barabara ya mawe inayoteremka hadi gatini. Nje ya mkahawa, chini ya dirisha, kulikuwa na kigari cha Viggo, mtoto wa miezi saba wa Tilde Mosegaard. Tilde alikuwa ndani, ameketi dirishani, anakunywa kahawa. Hapa kwetu mtoto hulala nje kwenye baridi, amefunikwa vizuri, mama akiwa ndani anamwangalia. Mimi nililazwa hivyo, na mama yangu alilazwa hivyo. Nalisema hili kwa ajili ya walimwengu wanaotufundisha ulezi siku hizi.

Alikuja kijana mwenye koti la njano, simu yake iko juu ya kijiti. Sikumjua. Baadaye niliambiwa anaitwa Storm Bilgrav na ana wafuasi wengi mtandaoni. Wanamfuata kwenda wapi, sijui. Tilde aliinuka kwenda kaunta kuongeza kahawa. Kijana akafungua breki ya kigari kwa mguu na kuanza kukisukuma kwa mkono mmoja. Mwanamume kusukuma kigari barabarani kwetu si ajabu, kwa hiyo watu walimpisha, na mama mmoja hata alimtabasamia. Mimi nilishtuka kwa sababu hakumtazama mtoto hata mara moja. Alitazama simu, akaiambia, "Oyaa wadau, tuone mama mtu atashtuka saa ngapi!"

Nilitupa brashi nikatoka mbio. Bibi Oda alinifuata, rangi inamchuruzika shingoni, anapiga kelele, "Mwizi wa mtoto! Mshikeni!"

Hakuna aliyemshika. Watu walikuwepo wa kutosha, wazima, wenye mikono. Niliwaona wakitoa simu, nikadhani wanaita polisi. Walikuwa wanarekodi.

Tilde alitoka mkahawani akipiga ukunga. Kijana aliposikia sauti yake alikiachia kigari pale pale kwenye mteremko, bila breki, akageuka ili aunase uso wa mama huyo. Kigari kikaanza kwenda chenyewe. Nilikidaka kwa mpini kwenye ukingo wa gati, nikaanguka nacho, nikachubuka magoti yote mawili. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapita ukingo. Viggo alikuwa macho, kimya, ananitazama. Chini yake maji yalikuwa na vipande vya barafu.

Nikiwa bado nimepiga magoti, kijana alikuja anahema. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Akasema, "Mama, unaweza kukirudisha nyuma kidogo halafu ukidake tena? Pale uliiziba kamera."

Nilitema mate, yakaangukia viatu vyake. Hilo nalo liandikwe. Bibi Oda akasema, "Inger-Lise, mlete saluni huyo tumnyoe bila maji!" Kijana akacheka, na cheko hilo pia akalirekodi, akaondoka zake. Nilitaka kuwapigia simu polisi, lakini Tilde alikuwa amemkumbatia mtoto, akasema, "Niache nifike nyumbani kwanza, tafadhali." Nikamwacha.

Jioni hiyo video ya kijana ilikuwa imeenea. Inaanzia pale kigari kinapoteremka peke yake na Tilde anatoka mkahawani. Aliyekiachia haonekani. Juu yake kumeandikwa, "Kahawa kwanza, mtoto baadaye." Nilisoma maoni ya watu mpaka mwisho. Wanamwita Tilde malaya, mlevi, mnyama. Mmoja aliandika kwamba heri mtoto angezama tu kuliko kulelewa na mama kama huyo, na chini yake watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Wana watoto wao hao, na wanawapikia uji asubuhi. Nauita uozo, sina neno jingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imeshafika nchi ambazo mimi sijui hata ziko wapi.

Siku ya Alhamisi, ofisi ya ustawi wa watoto ilimpigia simu Tilde. Malalamiko yamekuwa mengi, lazima wachunguze kama anafaa kukaa na mtoto. Alikuja saluni, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Akaniuliza, "Wakimchukua, Inger-Lise?"

Nikaenda kwa Anker Juhl, muuza samaki, ambaye mimi ndiye niliyemkata nywele zake za utotoni. Siku ile alisimama mlangoni kwake akirekodi tangu kijana alipogusa kigari, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Anker, nipe video yako nipeleke polisi, itamwokoa Tilde."

Akasema, "Ninayo, lakini mwanzo niliukata. Jamaa anasukuma kigari tu, hauna mvuto."

"Uliuweka wapi?"

"Nimeufuta, ulikuwa unajaza simu." Kisha akanisogezea simu yake juu ya barafu ya samaki. "Lakini hebu ona hii iliyobaki, ilivyopendwa!"

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimeyasema kwa hiari yangu, na nitayarudia mbele ya yeyote atakayeuliza.

Sahihi ya shahidi: I.-L. Damkjær

Maandishi ya afisa: Maelezo yamesomwa kwa shahidi naye ameyathibitisha. Nilimshauri aondoe neno "uozo", akakataa. Shahidi wa pili, Bibi Oda Kragh, anasubiri kwenye benchi. Tumetangaza siku tatu tukiwaomba wote waliokuwepo wafike kituoni. Hakuna mwingine.
M. Brix, mpelelezi