Aliugua kwa Muda Mfupi

Jumatatu, 3 Februari

Nimesahihisha insha tisa kabla ya saa nne. Sita zinadai uhalisia ni kuandika mambo machafu. Uvivu mtupu. Nimewaeleza tena darasani: walimbwende, wale waandishi wa hisia na ndoto, waliutukuza moyo, milima, mtu mmoja mkubwa kuliko kijiji chake. Waandishi wa zama za Malkia Victoria wakaona viwanda na moshi, wakachoka na milima. Wakaandika ndoa zinazochosha, masizi jikoni, kikohozi, mchungaji mwenye tamaa. Hakuna shujaa, kuna majirani. Vijana wakachapa kila neno bila kuinua macho.

Natoka darasani, Neema akapiga simu. Baba yake, kaka yangu Deo, amefariki asubuhi. Ini.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoka kwangu Markham hadi Mount Dennis, upande wa pili wa jiji hili la ugenini. Kaka alipanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu, yeye na binti yake. Neema ana miaka kumi na saba. Mama yake aliondoka zamani. Amefua shuka zote. Chupa kaziweka kwenye mifuko mlangoni, zimepangwa vizuri. Sikuweza kuzitazama.

Wasifu wa marehemu nimepewa mimi, msomi wa ukoo. Dada Paskazia ametuma ujumbe wa sauti kutoka Bukoba: "Mdogo wangu, andika aliugua kwa muda mfupi. Basi. Usituaibishe."

Muda mfupi! Miaka kumi na moja. Kwetu kila marehemu alikuwa mcheshi, mpenda wageni, kalala kwa amani. Hakuna aliyewahi kulewa. Huo ndio ulimbwende wetu, tunaula na pilau ya msiba.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika ukweli. Kwamba alikuwa fundi wa lifti, hodari kuliko wenzake wote. Kwamba aliumia mgongo, akaachishwa kazi, akaanza kunywa, akamwacha binti ajipikie. Sentensi fupi, bila chumvi. Nina hasira na dada. Na Deo pia. Nimesoma mara tatu, nikaridhika. Nadhani sijaandika kitu bora kuliko hiki miaka mingi. Aibu kukiri, lakini ndivyo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempelekea Neema nakala. Husoma Kiswahili polepole, kwa kidole. Kawaida hujibu kwa Kiingereza, ila leo alijikaza: "Ni kweli yote, baba mdogo. Lakini wewe haumo."

Kisha akanieleza kwa Kiingereza, harakaharaka. Kila Jumapili baba yake alinyoa ndevu, akavaa shati la pasi, hakugusa chupa mpaka jua lizame. Alidhani nitakuja.

Sijaenda tangu Pasaka ya mwaka jana. Deo alikuja chuoni kwangu amelewa, akaniita jina langu la utotoni mbele ya wenzangu. Nikaona haya. Nikaacha kupokea simu zake. Sababu ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Nyani haoni kundule, hata akiwa na shahada tatu.

Nimeongeza mistari miwili: kwamba alinisubiri, na kwamba sikwenda. Nimemchapia Neema nakala mpya.

Jumamosi, 8 Februari

Tumemzika. Kanisa lilijaa. Nimesoma lifti, mgongo, pombe. Watu wakaguna. Katekista akakohoa. Nikasonga mbele, sauti imara. Nilipofika kwenye mistari yangu miwili nikakunja karatasi, nikasema astarehe kwa amani.

Neema alikuwa kiti cha mbele na nakala yake. Kidole chake kilibaki palepale, kwenye mistari niliyoiruka.

Nimemwanika kaka yangu mbele ya watu, nikajificha nyuma yake. Afadhali dada, alitaka kumfunika tu.

Jumapili, 9 Februari

Theluji tangu alfajiri. Nimefika Mount Dennis saa nne. Neema amenifungulia. Nimempigia dada simu, nikamsomea ile mistari, Neema akisikia. Nikangoja anitukane. Akauliza tu: siku zile za mwisho, Deo alikuwa anaweza kula?

Sikujua.

Nikampa Neema simu. Nikachukua sepeto, nikaenda kuondoa theluji kwenye ngazi.