Wali Kulia, Mchuzi Kushoto

Hounslow, London
19 Desemba 2004

Kwa Shemeji Mbarouk, Wete, Pemba

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, nataka kujua hali yako na hali ya goti lako, maana dada yako Mardhiya ameniambia bado linakusumbua ukipanda ngazi za msikitini. Nakuombea afueni ya haraka. Watoto hawajambo? Na binti yako Malak, mwanangu pia, hajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya mwezi huu haina adabu, inamfuata mtu mpaka ndani ya soksi. Dada yako presha yake imeshuka, na ingeshuka zaidi lau asingekuwa anaficha samaki wa ng'onda kabatini akidhani mimi sisikii harufu.

Waraka huu anakuletea kijana anayekuja kula Idi Kubwa kwa wazee wake. Nimemsisitiza akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine. Nakuomba uusome peke yako, na ukishausoma utaona mwenyewe kwa nini.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Umeandika kwamba habari zimekufikia, kwamba mwanangu Muhsin alihamia chuo cha mahasimu wao wa mchezo na huko akamuuza rafiki yake, na kwamba mtu anayemuuza rafiki hatashindwa kumuuza mke. Umesema neno lake la posa kwa Malak unalirudisha. Ukamalizia kwa kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Shemeji, sikulaumu. Ningekuwa mimi ndiye baba wa binti ningeandika hivyo hivyo, pengine kwa wino mwekundu. Lakini vijana hawa wanapendana, nawe unajua, na kadi za simu anazonunua Muhsin zingetosha kuezeka paa. Basi kabla hujafunga mlango nisikilize.

Kwanza huo mchezo wenyewe, maana hata mimi ulinichukua muda kuuelewa. Unaitwa mpira lakini miguu haina kazi nao. Vijana wa vyuo vya huku wameuiga kwa Wamarekani. Wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wanainama wakitazamana macho kwa macho, kisha wanagongana kama ndugu waliogombea mirathi. Yupo mmoja, mrushaji, ndiye anayeshika mpira na kutafuta wa kumrushia. Mbele yake wanapangwa majitu matano, na kazi yao ni kumkinga asiangushwe. Muhsin ni mmoja wa hao watano. Unaukumbuka mwili wake alipokuja mara ya mwisho, basi zidisha. Niliwahi kumuuliza ni lini na yeye atapewa huo mpira aushike. Alicheka, akaniambia kuwa yeye akiugusa mpira ujue mambo yameharibika. Akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtaja, akikosea mara moja uwanja mzima unalijua jina lake. Nikamwambia kumbe ni sawa na kazi yangu ya kupakia mizigo ya ndege.

Katika chuo cha kwanza, kile cha mashariki ya mji, mrushaji wao alikuwa Plamedi, kijana wa Kikongo wa Uvira aliyekuja huku ukimbizini na mama yake, Marie-Claire. Huyo ndiye aliyekuwa akikingwa na Muhsin. Kila Jumapili baada ya mazoezi walikuja kwangu wakiwa na matope mpaka masikioni, wakala kwenye sinia moja. Kiswahili cha Plamedi kilimchekesha Mardhiya hata akafuta machozi, na cha Mardhiya kikamchekesha Plamedi vilevile. Alikuwa akimwambia, "Mama, weye unasemaka kama redio." Baada ya muda kijana yule akawa anafungua friji yangu bila kuuliza, na huku London hiyo ndiyo dalili ya udugu.

Sasa uwanjani mrushaji hupiga kelele neno moja la siri kuwaambia wenzake mpira utakwenda upande gani, na adui yuko hapo hapo anasikia. Jumapili moja vijana walikuwa wanabishana mezani wapange maneno gani. Dada yako akauliza wanagombania nini, na alipoelezwa akashangaa: watu wawili mna Kiswahili mnahangaika na nini? Akawapa maneno ya chakula, kwa sababu kijana mwenye njaa anaweza kusahau jina la baba yake lakini si la chakula. Wali ukawa kulia, mchuzi kushoto, na kachumbari mpira urushwe mbali. Wazungu, Wahindi, Wajamaika, wote wakajifunza. Kocha wao Avtar, Singasinga mwenye kilemba na sauti ya muadhini, aliyapenda maneno yale. Kwa misimu miwili hakuna timu iliyoyafumbua. Na Mardhiya, ambaye huku hana pa kwenda ila kazini na dukani, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye bei ya vitunguu, alijiona na yeye ana fungu lake katika timu ile. Alikuwa akiniuliza matokeo kabla sijavua viatu.

Kisha chuo kikaifunga idara ya uhandisi aliyokuwa akisoma Muhsin. Wanafunzi wakaambiwa watafute pengine. Kilichokubali kumpokea bila kumrudisha mwaka wa kwanza ni kile cha magharibi, mahasimu wao wa tangu zamani. Hakuhama kwa tamaa, shemeji, alihama ili asome. Plamedi mwenyewe alimbebea masanduku.

Kocha mpya alimtaka timuni, na swali lake la kwanza likawa ni maneno ya Plamedi. Muhsin alimjibu kuwa amekuja na mwili wake tu, siri za mwenzake amemwachia mwenzake. Kwa jibu hilo aliwekwa nje mechi za mwanzo, mpaka walipomhitaji. Habari ilimfikia Plamedi. Avtar alipotaka maneno yabadilishwe, Plamedi ndiye aliyekataa. Alisema kuyabadilisha ni kumwita ndugu yake mwizi kabla hajaiba. Basi maneno yakabaki yale yale.

Vyuo viwili vile vilikutana mwishoni mwa mwezi uliopita. Mimi nilikuwa shifti, sikuwepo. Mardhiya alikwenda na Hansa, yule mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa jirani yetu kabla hawajahamia Queensbury. Hansa alimchukua kwa gari yake, wakabeba blanketi na chupa ya chai, wakasimama upande wa chuo kipya kwa kuwa ndiko aliko mtoto. Kwa Mardhiya ilikuwa mara ya kwanza kwenda uwanjani.

Kipindi cha kwanza timu ya Plamedi iliongoza. Cha pili wakaanza kukamatwa kila wanakokwenda. Plamedi akiita wali, wapinzani wameshajaa kulia. Akiita mchuzi, wako kushoto wanamsubiri. Mwishowe waliangushana juu yake, bega lake likateguka, akatolewa kwa machela. Watu walikuwa wamemwona Muhsin katikati ya mchezo akitoka kwenye mstari wa wenzake walioko pembeni, akenda walipo mama yake na kocha msaidizi wa timu yake mpya, akasema maneno, kisha akamchukua mama yake kumpeleka garini. Wakajumlisha. Plamedi alipopitishwa mbele yake alimwambia, "Umeniuza, ndugu." Wenzake wa zamani walimtemea Muhsin mate chini, wapya wakamgonga mgongo kumshukuru, na sijui lipi lilimuuma zaidi. Tangu siku hiyo hajarudi mazoezini. Watu wanasema wanavyotaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nyumbani huku ndiko kulikokuwa kuzito zaidi. Mardhiya alipopata habari kuwa maneno yake, maneno aliyowapa kwa mkono wake, yametumika kumvunja Plamedi, alimgeukia mtoto kwa hasira ambayo sijaiona tangu nimuoe. Alimwambia amekula sinia moja na yule kijana, vipi roho yake ilimtuma? Muhsin aliinamisha kichwa, akasema tu, "Nisamehe, Mama." Mardhiya akalichukua hilo kuwa ni kukiri. Siku ya pili alipika, akafunga vyombo kwa kitambaa, akapanda treni peke yake, yeye asiyejua kubadilisha treni, mpaka Tottenham kwa Marie-Claire. Alimbusu mkono na kumwomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Marie-Claire ni mtu wa kanisa na ni mwema, alimpokea, wakalia pamoja. Sasa huenda kila siku ya mapumziko yake kumsaidia kupika mpaka bega la kijana lipone.

Shemeji, sasa nakwambia jambo ambalo nimekatazwa kulisema.

Siku Mardhiya alipokuwa Tottenham, Hansa alikuja kwangu. Alisimama jikoni hajavua koti, akaanza kulia kabla sijamkaribisha kiti. Aliniambia kuwa siku ile uwanjani Mardhiya alifurahi kama mtoto. Kila Plamedi akiita, yeye alimnong'oneza Hansa, na baadaye akawa hanong'oni tena: sasa wanakwenda kulia, utaona, sasa kushoto, sasa anaurusha mbali. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii yeye ndiye aliyekuwa akijua kinachotokea na wengine hawajui. Alisema kwa Kiswahili, na nani pale angemwelewa? Lakini yule kocha msaidizi alikuwa amesimama nyuma yao. Alimuuliza Hansa kwa upole, kwa Kiingereza, rafiki yako anasema nini. Hansa alidhani mtu anafanya uungwana tu, akamtafsiria. Akaendelea kumtafsiria, kila neno, mpaka Muhsin alipokuja.

Nilimsubiri Muhsin aliporudi, nikamuuliza. Hakushtuka. Alikuwa anajua tangu pale pale. Katika mchezo huo washambuliaji na walinzi hupokezana uwanjani; zamu ile walikuwa wanacheza walinzi wa timu yake, yeye yuko pembeni, akatazama alipo mama yake na akaona midomo inavyopokezana: mama, kisha Hansa, kisha yule mtu, kisha uwanja. Ndipo alipokwenda kumwambia mama baridi imezidi, twende garini. Mardhiya mpaka leo anaamini mtoto alimhurumia baridi.

Nilimwambia nitasema, nitakwenda kwa Plamedi na kwa Avtar, na kwako nitaandika. Akanishika mkono, na mkono wake huo ukikushika umeshikwa. Alinikumbusha kuwa mama yake amekaa miaka minane katika mji huu akiona haya kufungua mdomo, na siku moja aliyofungua mdomo kwa furaha ndiyo hiyo. Akijua furaha yake ilimfanyia nini Plamedi, hatatoka tena nje ya mlango. Plamedi akiambiwa atamwambia Marie-Claire, naye hawezi kukaa na neno mbele ya mtu anayempikia. Kisha akasema yeye watu kumgonga ameshazoea. Nilitoka nje nikajifanya natupa taka.

Sijui kama amefanya sawa. Siku nyingine nafika kazini nimeshaamua kuwa jioni nitamwambia Mardhiya kila kitu, kisha narudi namkuta anafunga vyombo vya Marie-Claire huku anaimba, na ulimi wangu unakufa. Wewe nimekuambia kwa sababu moja tu. Huwezi kumnyima mtu binti yako kwa kosa ambalo hakulifanya, nawe hujui unachokifanya. Malak naye ana haki ya kujua ni nani anayemsubiri, ila hilo nakuachia wewe baba yake. Ukisema bado hutaki, nitakubali na udugu wetu hautapungua hata punje.

Lakini lipo ombi ambalo nalitaka kwako hata kama utalikataa lile jingine. Siku ya Idi Mardhiya atakupigia simu. Ameshapanga maneno, nimemsikia akiyafanyia mazoezi chooni. Atalia, atakuomba radhi kwa aliyoyafanya mwanawe. Mpe radhi hiyo, shemeji. Mwambie umesamehe kosa lile na aliyelifanya, yeyote yule, mbele ya Mungu. Liseme polepole alisikie vizuri, maana radhi hiyo ni ya kwake mwenyewe.

Wasalimie wote wa nyumbani na jirani. Msalimie Malak, mwambie Muhsin mzima na anasoma. Mardhiya ameingia sasa hivi kuniletea chai na anauliza mbona waraka umekuwa mrefu hivi. Nimemwambia nakuelezea baridi. Anakusalimu sana, anakuulizia goti, na anasema litiwe mafuta ya habasoda kila usiku. Anataka nikuandikie na maneno haya, amekwenda kuchukua miwani aje kunitazama mkono, basi nakunja kurasa hizi na kwenye karatasi mpya nakuandikia kama anavyosema: kaka, umsamehe Muhsin, mimi sikumlea hivyo.

Wako shemeji,
Msabaha